Karatasi Arobaini na Sweta Moja

Jumanne, 9 Aprili

Leo, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, tumepoteza karatasi arobaini. Hazikuungua wala hazikuibwa. Zipo, naweza kuzigusa. Kilichopotea ni mwanga wake, na pamoja nao yamepotea maji ya visima thelathini na saba yaliyochotwa mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijayazimua. Maji hayo hayapatikani tena mpaka kiangazi kijacho.

Naandika taratibu ili nijielewe mwenyewe. Kila karatasi ni duara dogo, na katikati yake kuna tone la maji ya kisima kimoja. Kama kisima kimeingiwa na dawa ya kuua wadudu kutoka mashambani, kitendanishi chetu, dansili, kinajibandika kwenye mabaki ya dawa hiyo kama lebo kwenye chupa. Ukimulika kwa taa ya urujuanimno, lebo inang'aa kijani cha manjano. Hiyo ni fluoresensi. Ukizima taa, nayo imezima. Sisi tunatafuta fosforesensi, yaani mwanga unaobaki nyuma baada ya taa kuzimwa. Unabaki kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, jicho la mtu haliuwahi. Mashine inazima taa, inasubiri kidogo, kisha inafungua jicho lake. Takataka nyingine zote za kisimani zimeshazima, lebo peke yake bado inawaka. Zamani ilibidi ugandishe sampuli kwenye baridi ya ajabu ndipo uuone mwanga huo. Kwenye karatasi, ukitia chumvi ya madini ya risasi kidogo, unauona kwenye joto la kawaida la chumba. Sharti ni moja: karatasi iwe kavu. Kavu kweli, si ukavu wa nguo kambani.

Karatasi tatu za mfano, ambazo tunajua tumetia kiasi gani, zilitakiwa zisome karibu 800. Zimesoma 96, 88 na 103. Za visima zote chini ya 60.

Kazi ya Tone hiyo. Tone ni mwenzangu. Jina amepewa kwa sababu ya mkono wake, unaodondosha matone yasiyopishana hata upana wa unywele. Ana shahada na miaka sita hapa maabara. Mimi nina kumi na minane. Nilianza kwa kuosha chupa, cheti nimekitafuta kwa masomo ya jioni huku nimebeba mimba. Mashine ilipoletwa, Mkuu wa maabara alimpa yeye uongozi wa kipimo. Mimi nikapewa kukausha: oveni, na kile chombo kikubwa cha kioo chenye mfuniko mzito tunachokiita Kavu, ambamo karatasi hukaa juu ya shanga zinazonyonya unyevu. Kwa hiyo kutoka kuosha nimepanda cheo hadi kuanika.

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Sweta ya binti yangu angalau imekauka.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Tone amerudia kupima kitendanishi chake mara tatu. Karatasi nimezitia kwenye bahasha nyeusi na kuzipeleka pipa la taka sumu, kwa kuwa zina risasi. Nimelifunga kwa lakiri. Ndiyo kanuni.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkuu ametuita ofisini kwake. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa simu. Ikilia, hunyoosha tai kwanza kana kwamba anayepiga anamwona.

"Wafadhili wanataka maelezo Jumatatu," alisema. "Siwezi kuwaandikia kwamba mwanga umekwenda kusalimia jamaa. Nani alikosea?"

"Mkuu, inaweza kuwa sehemu mbili," Tone akasema. Alikuwa ameshika mikono yake yeye mwenyewe, ile mikono ya sifa. "Ama lebo haikushika, na hapo ni mimi. Ama karatasi zilikuwa na unyevu."

"Na hapo ni mimi," nikasema. "Sema tu, usiogope."

"Sikusema hivyo, dada."

"Shanga za Kavu zilikuwa buluu," nikamwambia Mkuu. Shanga zetu zikiwa kavu ni buluu, zikinywa maji zinageuka waridi. "Kaulize yeyote aliyepita pale."

"Kuna njia ya kujua," Tone akasema. "Lebo kama haikushika, karatasi haing'ai hata chini ya taa. Hakuna kitu cha kung'aa. Lakini ikiwa inang'aa vizuri chini ya taa, halafu taa ikizimwa mwanga haubaki, lebo ipo. Ni unyevu ndio unaoula mwanga."

Mkuu akanigeukia. "Wewe ndiye uliyezitoa. Ulizimulika?"

"Nilizimulika."

"Zikawaje?"

Nje maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bomba la paa lililopasuka, yanapiga bati la stoo. Nakumbuka nilisikiliza bati lile kana kwamba ndilo litanijibia.

"Hafifu," nikasema.

Tone aligeuza kichwa. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameacha wapi ufunguo.

"Tukazimulike tena," akasema.

"Ziko kwenye pipa. Limefungwa."

"Pipa likishafungwa halifunguliwi," Mkuu akasema, na nilimwona anavyopumua. Neno langu lilikuwa limempa cha kuandika.

Amemsimamisha Tone kazi mpaka bodi ikae katikati ya Mei. Kipimo nimekabidhiwa mimi.

Sasa nimekaa mezani kwangu nyumbani na najiuliza kama hafifu ni uongo. Hafifu kuliko nini? Taa yenyewe ni ya zamani, kioo chake kina ukungu. Na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyeniuliza naona nini. Leo nimeulizwa kwa mara ya kwanza, nikajibu kwa neno moja.

Ijumaa, 12 Aprili

Ziling'aa. Niandike basi, hapa hakuna mtu. Ziling'aa kijani cha manjano, zote tatu za mfano, hata ukungu wa taa haukuficha.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Funguo za chumba cha mashine ziko mfukoni mwangu. Zinagonga kila nikitembea.

Mume wangu ni fundi wa viti, anaelewa mambo ya kukalia kiti cha mtu. Amenitazama wakati wa kula.

"Hongera mama, umepanda. Mbona unakula kama unameza dawa?"

"Chumvi imezidi."

"Chumvi umetia wewe."

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Hakuna kitu kinachokauka. Nyumba inanuka soksi.

Alhamisi, 18 Aprili

Asubuhi binti yangu alikohoa mpaka akashika ukuta. Sweta yake ya shule ilikuwa bado inachuruzika kambani barazani, na bila sweta mwalimu wa zamu anawarudisha getini. Ana hiyo moja.

"Mama, ipeleke kazini kwako ikakauke kama siku ile," akasema.

Baba yake akacheka. "Kumbe maabara mnafua?"

Mimi sikucheka. Kwa hiyo sasa niandike siku ile.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 8 Aprili. Karatasi arobaini zilikuwa rafu ya juu ya oveni, nyuzi joto mia moja, zikauke mpaka mchana ndipo nizihamishie Kavu. Mtoto alikuwa amekohoa siku nzima ya Jumapili. Nilikuwa na sweta yake kwenye mfuko wa plastiki, ikiwa mbichi, na soksi. Nikafungua oveni, nikaitandika kwenye rafu ya chini. Sweta ya sufu ya bandia kwa nyuzi mia moja inaungua, basi nikashusha mpaka sitini. Nikafunga mlango. Nilijiambia karatasi ziko juu na sweta iko chini, kama vile mvuke nao unajua rafu yake.

Leo nimeipima kwenye mizani ya kazini, mchana watu walipokwenda kula. Nilianza ikiwa mbichi, gramu 640. Nikaikausha juu ya feni ya mashine inayotoa hewa ya moto, si kwenye oveni, ikafika gramu 310. Gramu 330 za maji. Chupa nzima ya soda. Siku ile nilizifungia ndani ya sanduku la bati pamoja na vikaratasi visivyotakiwa kupuliziwa hata pumzi.

Kisha nikazitoa karatasi, nikazipeleka Kavu, na maji ziliyobeba zikazipa shanga. Jumanne asubuhi shanga za juu zilikuwa buluu kwa sababu nilikuwa nimemwaga mpya juu. Za chini zilikuwa waridi kama ufizi. Niliona waridi hiyo kabla sijamwambia Mkuu buluu.

Nimesoma nilichoandika tarehe 9. Nimeandika "Kazi ya Tone hiyo." Mwandiko haukutetereka hata kidogo.

Jumatatu, 22 Aprili

Tone amekuja nyumbani.

Alifika jioni na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, viatu ameshika mkononi. Binti yangu akamkimbilia: "Mama mdogo!" Tone humfundisha hesabu Jumamosi. Alikuwa amemletea penseli za rangi. Mtu aliyesimamishwa kazi, amekuja na penseli.

"Karibu, karibu ndani," mume wangu akasema. "Kaa kile cha bluu, springi zake nimebadili juzi. Hakitakuchoma."

Akakaa. Nikamletea chai. Akatoa karatasi yenye mahesabu pande zote mbili, akaitandika kwenye meza ndogo, kati ya vikombe.

"Dada, samahani kukuletea kazi nyumbani. Sina mwingine wa kumuuliza. Nimerudia kila hatua kichwani. Uchachu wa mchanganyiko ulikuwa sawa. Muda ulikuwa sawa. Gizani niliweka. Chupa ya kitendanishi ilikuwa mpya, sijaiacha wazi. Wewe umeniona nikifanya mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Basi niambie. Nilikosea wapi?"

Nilikuwa na birika mkononi. Nikasema, "Labda chumvi ilikuwa kidogo." Nikamwongezea chai.

Aliandika! Alitoa kalamu akaandika pembeni: chumvi? Akapiga hesabu palepale, midomo inatembea, kisha akatikisa kichwa polepole. "Hapana. Chumvi ingekuwa kidogo, mfano ungesoma kama 500. Usingesoma tisini. Na isingefanya karatasi zing'ae hafifu. Hiyo hafifu ndiyo inayonimaliza, dada. Wewe huongopi na huna sababu. Kwa hiyo lebo haikushika, na ni mimi. Lakini vipi?"

Mume wangu alikuwa anamsikiliza akiwa amekunja uso, hajui neno hata moja la mambo hayo. Akasema, "Sasa shemeji, kama kila hatua ilikuwa sawa, si kosa liko kwa mwingine?"

"Hakuna mwingine," Tone akasema. "Ni mimi na dada tu."

Halafu akacheka kidogo, kunionyesha kwamba amelitupa wazo hilo.

Kabla hajaondoka alipita barazani, akashika ile sweta kambani. "Hii haitakauka mpaka Juni. Masikini mtoto." Akaikamua vizuri kuliko nilivyoikamua mimi, akaigeuza ndani nje, akaining'iniza tena.

Alipofika getini nilitaka kumwita. Niliita kweli. Akageuka. Nikamwambia, "Viatu. Vaa viatu, kuna misumari hapo." Akavaa.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Sikula.

Jumatatu, 29 Aprili

Bado mvua. Mkuu anataka seti ya kwanza ya kwangu Ijumaa. Maji mapya ya visima yameletwa, ya msimu huu wa mvua. Ni maji ya mvua tu, hayatatuambia kitu kuhusu kiangazi. Lakini mfano utatuambia kama kipimo kinafanya kazi.

Ijumaa, 3 Mei

Kabla ya kutia karatasi nilisafisha oveni. Nilizima taa za chumba nikaingiza taa ya urujuanimno ndani yake, nione kama kuna uchafu wa kung'aa utakaonisumbua. Kulikuwa na uzi mmoja. Umenasa kwenye wavu wa rafu ya chini, urefu wa kucha, unawaka buluu-nyeupe kama umeme. Sabuni za unga zina rangi ya kung'arisha, ndiyo maana nguo nyeupe huonekana nyeupe zaidi juani. Chini ya taa ile hazijifichi. Sikuhitaji kuuliza ni uzi wa nini.

Nimeutoa kwa koleo ndogo na kuutia kwenye kichupa. Sijui kwa nini sikuutupa.

Kisha nikafanya kazi. Kitendanishi kile kile, chupa ile ile ya Tone, nusu imebaki. Oveni nyuzi mia moja, haina kitu kingine ndani. Shanga nimezikausha zote mpaka za chini kabisa. Mkono wangu si kama wake, matone yangu moja linanenepa jingine linakonda, lakini mfano umesoma 806, 779 na 794.

Nilisimama mbele ya namba hizo. Chupa yake haikuwa na kosa. Sasa ilikuwa imeandikwa kwenye kioo cha mashine kwa tarakimu kubwa, na nikasema moyoni, basi, Mkuu ataona mwenyewe, sitahitaji kusema mimi.

Mkuu akaja, akaona. Akanipiga bega.

"Unaona? Chupa ile ile, mashine ile ile, kilichobadilika ni mtu. Nilijua tatizo ni mtu."

Jumatatu, 6 Mei

Tangazo ubaoni: gari la taka sumu litakuja Alhamisi tarehe 16, saa nne asubuhi. Bodi inakaa siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Nafasi ya Tone itajadiliwa. Hakuna aliyepanga hivyo, ni kalenda tu.

Jumanne, 7 Mei

Nimewaza jambo moja mchana kutwa. Unyevu hauui lebo, unazuia mwanga tu. Karatasi iliyolowa, ukiikausha tena...

Alhamisi, 9 Mei

Nimekata lakiri ya pipa. Nilivaa glovu mbili mbili, nikatoa bahasha nyeusi. Ilikuwa juu kabisa, nilikotia mwenyewe, kavu kwa nje. Nimechukua karatasi saba: tatu za mfano na nne za visima, nilizochomoa bila kuangalia. Oveni nyuzi mia moja, asubuhi yote. Kavu, shanga mpya juu mpaka chini. Nikafunga mlango wa chumba cha mashine kwa funguo ambazo si zangu.

Mfano: 791, 803, 788.

Mwanga umerudi. Haukuwa umekwenda popote. Umekaa ndani ya karatasi muda wote huo, ndani ya pipa la taka, mimi nikilala na kuamka.

Visima: 22, 19, 24. Cha nne, kisima namba 27, kimesoma 412.

Nimerudia. 409. Hicho si kisima safi. Watu wake walikunywa dawa ya wadudu kiangazi kizima, na sisi tumewaandikia wafadhili kwamba hatujui.

Nilikaa chini sakafuni pale. Sakafu ya chumba cha mashine haina hata vumbi. Tone ndiye aliyekuwa anaifagia, hakuamini mfagiaji.

Ijumaa, 10 Mei

Mkuu yuko safari. Nimefurahi, na nimejichukia kwa kufurahi. Mvua imepungua, inanyesha kwa vipindi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwambia Mkuu. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia sweta, kushusha joto, shanga za chini, "hafifu", uzi kwenye kichupa, na zile namba saba. Nilizitaja namba mwisho kwa sababu ndizo zinazonisaidia kusimama.

Alinyoosha tai. Simu haikuwa imelia.

"Umefungua pipa lililofungwa," akasema.

"Ndiyo."

"Hilo peke yake ni la kufukuzwa."

"Najua. Nifukuze. Lakini kwanza karatasi zikaushwe zote, thelathini na tatu zilizobaki, na Tone awepo."

"Mama, nisikilize." Hajawahi kuniita mama. "Ripoti imekwenda. Nimeandika kwamba ni kosa la mtayarishaji, limeshughulikiwa, kipimo sasa kiko imara. Wameridhika. Nikiwaandikia tena kwamba oveni ya maabara yangu inakausha sweta, watafunga maabara. Wewe hutakuwa na kazi, Tone hatakuwa na kazi, na kisima namba 27 hakitapimwa na mtu milele."

"Na akifukuzwa yeye?"

"Ni kijana, ana shahada. Atapata kwingine." Akanitazama kwa huruma hasa. "Wewe je? Utaanza tena kuosha chupa?"

Alijua pa kunishika. Kwa miaka kumi na minane nimesubiri mtu wa ofisi ile aone kwamba nimepanda kwa kucha zangu. Ameona, na amelitumia.

"Rudisha bahasha kwenye pipa," akasema. "Mimi sijasikia kitu, wewe hujasema kitu. Tutaona baada ya bodi."

Nilitoka na jibu la "tutaona". Nalijua vizuri. Nilipoomba kulipiwa masomo ya jioni niliambiwa tutaona. Nilipoomba kufundishwa mashine, tutaona.

Nimemweleza mume wangu jikoni. Alikuwa anachomoa misumari kwenye kiti kizee. Aliendelea kuchomoa mpaka nilipomaliza.

"Shemeji alikaa pale," akasema, akaelekeza koleo kwenye kile kiti cha bluu.

"Najua."

"Ukamwongezea chai."

"Najua, baba, najua."

"Basi nenda kwake kesho. Mimi nitabaki na mtoto."

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda. Anakaa chumba kimoja juu ya duka la vioo, ngazi za chuma zinanguruma. Alifungua mlango akatabasamu, akaniita dada, akaanza kutoa nguo kwenye kiti ili nikae. Nikamwambia sikai.

Nilisema kwa mpangilio ule ule niliomwambia Mkuu. Hapakuwa na kusimama imara safari hii. Sauti ilikuwa inakwenda na kurudi.

Chini mtu alikuwa anakata kioo, unasikia kalamu ya kukatia inavyokwaruza, kisha kioo kinavunjika vizuri.

"Gramu ngapi?" akauliza.

"Mia tatu na thelathini."

Alitikisa kichwa, anapiga hesabu, siwezi kumzuia mtu huyu asipige hesabu. "Kwa nyuzi sitini," akasema. "Mlango umefungwa." Kisha akacheka. Cheko lilikuwa la mtu aliyepata jibu la swali baya, lilidumu kidogo tu, likageuka. Akafunika uso kwa ile mikono.

"Nilirudia matone yote kichwani," akasema ndani ya viganja. "Kila usiku. Nilianza kuamini mkono wangu unatetemeka. Juzi nilikuwa namwaga maji kwenye glasi, nikautazama mkono niuone unatetemeka. Dada, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuja kwako. Nilikuonyesha mahesabu. Ukaniambia chumvi."

Nikasema, "Nisamehe."

"Sitaki samahani yako." Alishusha mikono. Haikuwa inatetemeka hata kidogo. "Samahani utakaa nayo mwenyewe. Nataka karatasi zangu. Zote arobaini, zikaushwe mbele yangu, zisomwe mbele ya bodi. Na usirudi hapa mpaka zisomwe."

Nilipokuwa nashuka ngazi aliniita. Nikageuka, nikadhani amenisamehe.

"Mtoto anakohoa bado?"

"Amepungua."

Akafunga mlango.

Jumatano, 15 Mei

Mvua imekatika. Sweta imekauka kambani, yenyewe, kwa jua.

Mkuu amekuwa akinikwepa siku nzima. Nimemwandikia, nimepitisha chini ya mlango wa ofisi yake, na nanakili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliandika kwa upole:

Mkuu,

Karatasi thelathini na tatu sijazirudisha kwenye pipa. Ziko ndani ya Kavu pamoja na zile saba. Shanga ni buluu mpaka za chini, na mara hii ukitaka utazimwaga uzihesabu mwenyewe. Kichupa chenye uzi kiko kando yake. Chini ya taa kinajieleza.

Sikuombi unilinde. Kosa la oveni ni langu, neno "hafifu" ni langu, lakiri ya pipa nimekata mimi, na nitayasema hayo mbele ya bodi saa nane, uwepo au usiwepo. Ninachotaka kwako ni kimoja, nacho hakiwezi kufanywa na mtu mwingine, kwa sababu sahihi ya kuingia chumba cha mashine kwa mtu aliyesimamishwa ni yako. Tone akiingia, karatasi zitasomwa kabla ya bodi, na kazi yake itajitetea kwa namba. Asipoingia, nitakuwa na maneno tu, na maneno yangu kuhusu karatasi hizi nimeshayachafua.

Gari la taka linafika kesho saa nne asubuhi, na mhudumu wake atataka pipa lenye kila kilichoandikwa, bahasha nyeusi ikiwemo. Akifika bila jibu lako, nitakaa mbele ya Kavu na wataniondoa kwanza mimi.

Usiniambie tutaona. Usiniambie baada ya bodi. Usinipige bega.

Unatia sahihi Tone aingie na karatasi arobaini zikaushwe na zisomwe mbele yake, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya saa nne.